Chumba cha Mjukuu

Jumamosi, 4 Januari 2025

Laki moja na nusu. Nimeifunga kwenye kitambaa nikaiweka chini ya vitenge vya wateja, isije ikachanganyika na hela ya nyuzi na vifungo. Hiyo ni ya chumba cha mjukuu, na haitaguswa kwa jambo jingine.

Binti yangu anakuja mwisho wa mwezi kutoka Mbagala. Uzazi wa kwanza ni kwa mama, na mkwe wangu kakubali bila kusukumwa, namshukuru. Kliniki wamemwambia atarajie wiki ya kwanza ya Machi. Arobaini yake yote ataimalizia hapa Kaole, Bagamoyo, kwa hiyo chumba hakitakuwa cha mtoto peke yake. Ni cha watu wawili, na huyo mkubwa ndiye atakayekaa akitazama kuta mchana kutwa.

Nimechagua kile cha uani, nilichokuwa nikiwekea cherehani ya pili na magunia ya mabaki ya vitambaa. Dirisha lake moja linatazama baharini, upande wa mikoko, na upepo wa kaskazi unaingia wenyewe. Hilo halinunuliwi. Lakini bati halina dari, saa nane mchana hakukaliki. Kuta ni za udongo zilizopigwa plasta zamani, na leo ukipitisha kiganja unatoka na vumbi.

Jumanne, 7 Januari

Binti kanitumia picha kwenye simu. Vyumba vya watoto: vitanda vyeupe vya fito, mapazia mepesi, mawingu yamebandikwa ukutani, midoli imepangwa kwa ukubwa. Chini kaandika, "Mama, tutaweza hata nusu yake?" Mkwe ameulizia kitanda cha namna ile Kariakoo, kaambiwa laki tatu na nusu, godoro mbali.

Nimezitazama picha zile mpaka usiku. Simlaumu. Mwanamke mwenye mimba ya kwanza anataka mahali panaposema kwamba mtoto huyu alingojewa, na haki hiyo anayo, awe na hela au asiwe nayo. Katika picha zote nimeona mambo matatu: weupe, mpangilio, na kitu cha rangi kinachovuta jicho. Hayo matatu yanapatikana Kaole. Kitanda cha fito ndicho sikioni. Mtoto wa siku chache hapa hulala jirani na mama yake, na kile kitanda kingekuwa cha kuwekea nguo.

Nimemjibu: "Tutaweza, mwanangu. Ila niachie mimi kuta, wewe nichagulie rangi." Kajibu saa hiyohiyo: bluu, lakini iliyopauka.

Alhamisi, 16 Januari

Chokaa. Mifuko miwili nimeileta kwa bodaboda kutoka Bagamoyo mjini, na nimebaki na chenji ya kununulia burashi.

Mpwa wangu anayesoma chuo cha sanaa, TaSUBa, alinishauri rangi ya mafuta, kwamba inang'aa na inafutika kwa kitambaa. Kweli inang'aa. Lakini harufu yake hukaa wiki nyingi kwenye chumba kidogo, na rangi nyingi za mafuta zimewahi kutengenezwa kwa madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mimi sina kipimo cha kujua kopo lipi linayo na lipi halina. Kwa ukuta ambao mtoto atakuja kuuegemea na kuulamba, sitaki kubahatisha.

Chokaa naijua. Pwani hii nzima imejengwa nayo: matumbawe yanachomwa kwenye tanuu, yanazimwa kwa maji, yanakuwa unga. Ukishaupaka ukutani unavuta hewa na kurudi taratibu kuwa jiwe. Ukungu hauipendi.

Jana tulikwangua kuta kwa burashi ya chuma, Baba Watoto akaziba nyufa. Jioni niliroweka chokaa kwenye pipa, nikatia chumvi ya mawe ili ishike, nikaifunika. Asubuhi nimeichuja kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Ukuta unalowanishwa kwanza, maana ukiwa mkavu unainywa chokaa yote na kuibanduabandua. Mkono wa kwanza uwe mwepesi kama tui la pili. Ukipaka unaona maji tu, unadhani hujafanya kazi. Unakwenda kuinjika ugali, ukirudi ukuta umeanza kuwa mweupe wenyewe. Nilijifunga kanga kichwani na kuvaa miwani ya kushonea, maana chokaa ikiingia jichoni inaunguza. Ndiyo sababu nimetaka kazi hii iishe kabla binti hajafika.

Kwa ile bluu sikununua rangi. Nimetia nili ya kufulia kwenye ndoo ya mkono wa mwisho, kidogokidogo, nikijaribishia kwenye kigae mpaka ikafika pale alipotaka. Ikiwa mbichi ni kali. Ikikauka inatulia, kama anavyotaka yeye, iliyopauka.

Jumapili, 19 Januari

Nimekwenda kununua ukindu kwa mama mmoja anayeishi ng'ambo ya magofu ya kale ya Kaole, na wakati wa kurudi nimepita palepale. Tangu utoto napaona, leo nimepatazama kwa jicho la mwenye nyumba.

Msikiti ule mkongwe wanausema ni wa karne ya 13. Kabla mji wa Bagamoyo haujawa na jina, majahazi yalikuwa yakifunga hapa Kaole, baadaye mikoko ikajaa na bandari ikafa. Watu wale walikuwa na mawe ya matumbawe na chokaa, basi. Lakini makaburi yao wameyasimamishia nguzo, na kwenye nguzo wakapachika bakuli za kaure zilizotoka Uchina. Nafasi za bakuli hizo zinaonekana bado. Bakuli moja, mahali pake, jicho linakwenda moja kwa moja. Hawakujaza ukuta.

Nyumba za mawe za zamani za pwani hii zilikuwa na vidaka pia, vile vishubaka vya ndani ya ukuta vya kuwekea taa na vyombo. Nimefika nyumbani nikamwambia Baba Watoto nataka kidaka upande wa kichwani kwa mzazi. Kwanza alikataa, akahofia ukuta. Kisha akagongagonga, akapata nafasi kati ya fito na fito, na sasa kipo, upana wa mikono yangu miwili, kimepakwa chokaa tupu bila nili. Mafuta ya nazi, tochi, pamba, kadi ya kliniki, vyote vitakaa humo, juu, pasipofikiwa na mtoto wala kuku. Rafu ya mbao ya kiasi hicho mjini ni elfu thelathini.

Jumamosi, 25 Januari

Leo ilikuwa dari. Makadirio ya fundi ya dari ya mbao yalikuwa zaidi ya kitambaa changu chote, kwa hiyo tumetandaza majamvi chini ya bati. Nilikuwa nayo mawili, jirani kanipa la tatu lililochakaa pembeni. Tuliyaanika juani na kuyakung'uta kwa fimbo kutwa nzima, kunguni na vumbi vitoke.

Boriti za kuyabebea tumezitoa kwenye jiko la zamani lililoanguka. Kuna kijana alikuja na maneno ya kwenda kukata mikoko usiku, kwamba ni hatua chache tu. Nimemkatalia. Mikoko ni hifadhi, haikatwi bila kibali cha Wakala wa Misitu. Na hata isingekuwa sheria, mikoko ndiyo inayotukingia bahari na ndiyo inayolea kamba na kaa tunaokula. Sitaki chumba cha mjukuu kianze kwa kupunguza ule msitu.

Saa nane mchana nimeingia kupima. Panakalika. Joto la bati linabaki juu ya jamvi, na nikifungua dirisha na mlango upepo unapita katikati.

Jumapili, 2 Februari

Binti amefika, miguu imevimba kidogo, sura nzuri. Kaingia chumbani, kasimama, kaushika ukuta. "Mama, ni ile ile." Nililia, na yeye akalia.

Kaja na chandarua chenye dawa alichopewa kliniki hudhurio la kwanza. Wakati namchukua mdogo wake, 2007, nilipewa hati punguzo, nikaenda nayo dukani nikaongeza hela yangu. Leo wanapewa mkononi. Hii ni Bagamoyo, mbu wa mikokoni na mabwawani tunawajua. Hapa ndipo mwaka 2009 watoto walianza kuchanjwa katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililofanyika nchi saba za Afrika. Kwa hiyo chandarua kwangu ndicho pambo la kwanza la chumba hiki, na nimekivalisha: duara la ufito juu, na pindo la kanga yake ya harusi kuzunguka ule ufito. Chandarua chenyewe sikukikata wala kukishonea kitu. Kinafika chini ya godoro pande zote.

Dirishani nimepigilia wavu wa mbu, mita moja na nusu. Humo sikubana hela. Wala kwenye godoro: jipya, gumu, la juu ya kitanda cha kamba alichokaza upya mzee wa jirani.

Jioni shangazi yake alikuja na mto mdogo wa sufi alioutarizi mwenyewe maua, kazi ya subira. Muuguzi alishamwambia binti kwamba mtoto alazwe chali, juu ya godoro gumu, bila mto wala nguo laini karibu na uso, zisije zikamziba pumzi. Nilimwambia, "Shangazi, mto huu ni mzuri mno kuchafuliwa na mate, tuutundike wageni wauone." Ukatundikwa juu ya mlango, na kweli unapendeza kuliko mawingu yote ya kwenye picha. Mvuje aliouleta wa kumkinga mtoto nao tumeufunga kwenye kitambaa tukauning'iniza hapo hapo mlangoni. Shingoni mwa mtoto hatutafunga uzi.

Alhamisi, 13 Februari

Muuguzi kamweleza binti jambo ambalo nimelala nikiliwaza. Mtoto mchanga haoni mbali. Anaona kiasi cha sentimeta ishirini mpaka thelathini, umbali wa uso wa anayemnyonyesha, na kinachomvuta zaidi ni pale cheusi kinapokutana na cheupe. Basi mapambo yote ya ukutani ni ya kwetu sisi watu wazima. Ya kwake lazima yasogezwe.

Nimechukua ukindu, nikauchana chane nyembamba, nusu nimeiacha na weupe wake wa jua, nusu nimeichemsha kwenye rangi nyeusi ya unga. Nimesuka ukili mwembamba: nyeusi mbili, nyeupe mbili, na pembeni nyeusi moja ya kufungia, ili madoadoa yaje kama ubao wa bao ulioinamishwa. Chane ikikauka inakatika mkononi, kwa hiyo bakuli la maji liko kando na kila baada ya shibiri moja nachovya vidole. Kipande cha urefu wa mkono nimekizungusha kikawa pete, nimekining'iniza kutoka kwenye ufito wa chandarua kwa nje, mpaka usawa wa jicho la mtoto akilazwa ubavuni pa mama yake. Hakuna simbi, hakuna shanga, hakuna cha kudondoka na kumezwa.

Mpwa wangu naye kaleta picha: kanga wawili na mbuyu, kachora kwenye ubao kwa mtindo wa Tingatinga. Edward Tingatinga mwenyewe alichora hivyohivyo, kwenye vibao vya bei ndogo, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Kazi safi, lakini rangi ni ile ile ya mafuta, kwa hiyo tumeitundika sebuleni, ipo mbele ya macho ya kila anayeingia. Hakununa.

Ijumaa, 21 Februari

Nimehesabu. Chokaa na burashi, wavu, godoro, kamba, ukindu na rangi yake, misumari. Zimebaki elfu kumi na tisa. Nilitaka kununua pazia, binti kakataa. Katoa doti ya kanga tuliyomtunza siku ya kuagwa, kipande kimoja kimekuwa pazia, mji katikati ya dirisha na pindo likizunguka, bila kukatwa hata inchi. Cha pili kitakuwa mbeleko. Kanga nilizozichoka mimi nimezikata nepi nikazifunga mishono miwili miwili, na mabaki ya vitambaa vya wateja nimeyaunga kuwa shuka la viraka, bluu na nyeupe tu.

Hizo elfu kumi na tisa tumekubaliana ni za bodaboda ya usiku kwenda hospitali. Zinakaa kwenye kidaka.

Jumanne, 11 Machi

Msichana. Alhamisi alfajiri, kilo tatu na kitu, kalia kwa sauti. Ile hela ya kidakani ilifanya kazi yake saa tisa usiku.

Ni Ramadhani, kwa hiyo wageni wanakuja baada ya futari. Wanainama mlangoni, wanauona mto wa shangazi kwanza, kisha bluu, na wote wanashusha sauti. Mkwe alikuja Jumapili, kakaa chini kwenye mkeka, akaniuliza polepole, "Mama, hivi jumla ilikuwa kiasi gani?" Nilipomwambia akatazama kuta tena.

Leo mjukuu alikuwa macho. Kichwa chake kilikuwa upande wa ile pete ya ukili, na macho yametulia pale muda mrefu, kisha mama yake akamwinamia na akauacha ukili akamtazama yeye. Ndivyo inavyotakiwa.

Jirani mwenye mimba ya miezi saba kaniomba nimpakie chumba chake. Nimemwambia anunue chokaa wiki hii na aanze kukwangua, ukuta ukauke kabla masika hayajashika, na nili asinunue, yangu imebaki nusu pakiti.