Baada ya Kitabu cha Saba

Mwezi uliopita nilimaliza kitabu cha saba, ndicho cha mwisho, katika hadithi za Harry Potter. Nilikimaliza Jumamosi usiku, dakika chache kabla ya kengele ya kulala. Nilikifunga, nikakiweka chini ya mto, nikalala macho wazi mpaka alfajiri. Wenzangu bwenini walidhani nimeshikwa na homa.

Kwa wale wasiovijua, vitabu hivi vilitungwa na J. K. Rowling, mama wa Kiingereza. Cha kwanza kilitolewa mwaka 1997 na cha saba mwaka 2007, kabla mimi sijazaliwa. Vinaeleza habari za mtoto yatima ambaye, alipotimiza miaka 11, alipata barua ya kumwita Hogwarts, shule ya bweni ambako watoto hufundishwa uchawi. Bibi yangu aliposikia neno hilo alitaka kuvitia motoni. Nilipomweleza kwamba humo mna mitihani, mabweni, viranja na mwalimu asiyecheka, alitulia kidogo.

Nilianza kuvisoma nikiwa kidato cha kwanza, pamoja na rafiki yangu aliyelala kitanda cha juu yangu. Maktaba yetu ina nakala moja tu ya kila kitabu, basi tulisoma kwa zamu, leo mimi, kesho yeye, wala hapana ruhusa kumpita mwenzio zaidi ya sura mbili. Tulibishana sana juu ya Snape, yule mwalimu asiyecheka. Mimi nilisema ni mwovu kabisa. Yeye alisema ni mtu mwema aliyejificha. Tukawekeana sharti kwamba atakayeshindwa atamfulia mwenziwe nguo wiki nzima.

Tulipokwisha kusoma cha tatu, tukiwa kidato cha pili, baba yake alifariki dunia. Rafiki yangu alikwenda mazikoni, wala hakurudi tena shuleni. Mjomba wake ndiye aliyekuja kuchukua tranka lake. Nilimwahidi kwamba nitamwandikia hadithi ya kila kitabu kilichobaki. Cha nne nilimwandikia kurasa sita. Cha tano, ambacho ni kirefu kuliko vyote, nilimwandikia kurasa mbili. Cha sita sikumwandikia neno. Nilijiambia kuwa masomo yamezidi. Ukweli ni kwamba niliona haya kumwandikia mambo ya shule mtu aliyeikosa shule, kisha ile haya ikageuka mazoea.

Kitabu cha saba nilikianza kwa furaha, nikingojea gari moshi na karamu ya kufungua shule. Lo! Harry, ambaye sasa ana miaka 17 kama mimi, harudi shuleni. Yeye na rafiki zake wawili, Ron na Hermione, wanatangatanga porini na hema, wakitafuta vitu ambamo adui yao ameficha vipande vya roho yake. Usiku mmoja wa mvua Ron anakasirika, anawaacha wenzake na kwenda zake. Nilimtukana Ron kwa sauti, hata kiranja akaniandika jina. Baadaye nikafahamu kuwa niliyemtukana ni mimi mwenyewe. Tena Ron alinishinda, maana yeye alijuta pale pale, na ingawa ilimchukua majuma mengi kuwapata wenzake, alirudi, akamwopoa Harry katika maji ya barafu.

Karibu na mwisho siri ya Snape inafunuliwa. Alimpenda mama yake Harry tangu utotoni, na kwa ajili hiyo alimlinda mtoto wake kwa siri miaka yote. Rafiki yangu alisema kweli! Niliinua kichwa nimwite, nikakumbuka kuwa kitanda cha juu sasa analala mtu mwingine, asiyejua hata Snape ni nani.

Watu husema mtu akimaliza vitabu avipendavyo huwalilia watu wa hadithini. Mimi hao sikuwalilia, kwa sababu nikifungua tena kitabu cha kwanza nitawakuta wote, Harry akiwa na miaka 11. Kilichoniuma usiku ule ni kuwa na habari mikononi, na mwenye habari yake hayupo.

Kesho yake niliandika kurasa kumi na moja. Nilianza kwa kuomba radhi, nikaeleza cha sita na cha saba, na mwisho nikaandika: “Nimeshindwa. Tayarisha nguo.” Jibu halijafika bado, na mtihani wetu umekaribia. Lakini tutakapomaliza, basi la kwetu hupita kijijini kwao. Nitashuka hapo na sabuni yangu.

Ndugu zangu wa kidato cha kwanza, vitabu vyote saba nimevirudisha maktabani. Tafadhali msivichane kurasa. Na mkivisoma wawili, msimwache mmoja nyuma.