Kufinyanga Mazimwi

Mtoto wa Usukuma hana haja ya kufundishwa kufinyanga ng'ombe. Wachungaji wadogo huketi kando ya lambo wakiwa na udongo mweusi wa mbugani, na kabla ya jua kupinda wamekwisha kupata zizi zima, fahali kwa ndama. Lakini mwambie afinyange mnyama asiyepata kuonekana na mtu, ataduwaa. Kazi hiyo ndiyo niliyowapa watoto wa darasa langu: kila mmoja amfinyange Shing'weng'we, zimwi la hadithi zetu lililomeza watu na mifugo, akasalia mama mmoja mjamzito, aliyemzaa Masala Kulangwa, naye akaliua zimwi na kulipasua tumbo.

Kwanza udongo. Ule wa mbugani ukikauka peke yake hupasuka, kama mbuga yenyewe ipasukavyo wakati wa kiangazi; basi twauchanganya na mchanga laini au vigae vilivyotwangwa. Walio upande wa Geita nawasihi wasiwape watoto tope la mahali pa kuoshea dhahabu, hata likiwa laini kama siagi. Marudio yale huwa na zebaki, nayo ni sumu. Huko Ulaya na Marekani wako watumiao udongo wa plastiki, ambao huokwa katika tanuri ya jikoni kwa joto la nyuzi 130 hivi za sentigredi ukawa mgumu. Wetu wataka moto upitao nyuzi 600, usipate kurudi kuwa tope. Walakini wetu hauuzwi, na kwangu mimi hiyo ni sifa kubwa.

Anayeanza na aanze na tumbo. Zimwi ni tumbo. Mengine ni mapambo. Finyanga vibakuli viwili, kuta zake zisizidi unene wa kidole, viunganishe midomo, kisha toboa tundu moja ili mvuke upate njia. Miguu na pembe hazishiki kwa kubandikwa tu: kwaruza pande zote mbili, paka uji wa udongo, ndipo ukandamize. Kausha kivulini siku kadhaa. Umbo la kutisha hupatikana kwa kuchanganya vitu tuvijuavyo: masikio ya popo, mdomo wa kambare, miguu ya kuku. Mtoto mmoja alilipa lake kitovu kikubwa kuliko kichwa, tukacheka hata kengele ikalia.

Mwingine alileta udongo mwekundu, ataka kupaka macho. Nikamwuliza, "Kwa nini mekundu?" Akajibu, "Mwalimu, ni kama ya bibi yule wa jirani yetu."

Wa Shinyanga wanajua uzito wa neno hilo. Katika miaka ya 1990 na ile ya 2000 vikongwe wengi wa kwetu waliuawa kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi juu ya baadhi yao ulikuwa macho mekundu tu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni na samadi maisha yao yote.

Nikauliza ni nani aliyewasha moto wa uji asubuhi ile. Wasichana watano wakanyosha mikono. Nikawaambia wote watazamane machoni. Yule mtoto alitazama kitambo, kisha akapaka macho ya zimwi lake kwa majivu.

Jumamosi tuliyachoma kwa samadi na majani makavu. Kati ya mazimwi 34 yalipasuka 11, mengi yao yale yasiyotobolewa tundu. Upepo uligeuka mara kwa mara, moshi ukatufuata kila tuliposimama, nasi tukarudi nyumbani, mwalimu na wanafunzi, macho yetu mekundu.