Siku ya Kuitazama Bahari

Kwa watu wa Ngara safari ina sababu zake zinazojulikana. Tunasafiri kwenda msibani, tunasafiri kumpeleka mgonjwa Bugando, tunasafiri kufuata kesi au kumpeleka mtoto shule. Mtu akionekana alfajiri pale Benaco akisubiri basi na begi mkononi, jirani haulizi kama anakwenda kutembea. Anauliza, "Kuna nini huko?" Ndiyo maana usharika wetu ulipoanza kupanga safari ya kwenda pwani kuangalia tu, baadhi ya wazee wa kanisa walitutazama kama watu waliokosa kazi ya kufanya.

Wazo lilianzia katika darasa la Kipaimara. Sisi tunaoandika haya ni mchungaji wa usharika, na siku hiyo tulikuwa tunafundisha safari ya Mtume Paulo kwenda Rumi, Matendo ya Mitume sura ya 27 na 28. Tulisimulia merikebu yenye watu 276, dhoruba, kisiwa cha Malta, kisha pwani ya Italia mahali paitwapo Puteoli, ambapo Paulo aliwakuta ndugu waamini akakaa nao siku saba. Mtoto mmoja akauliza kama bahari hiyo ni kubwa kuliko Ziwa Victoria. Mwingine akauliza kama sisi wenyewe tumewahi kuiona bahari. Tukasema ndiyo. "Ikoje?" akauliza, na hapo tukakosa jibu la maana. Bahari tuliiona tukiwa wanafunzi wa theolojia. Basi lilisimama Dar es Salaam, tukakimbia mpaka kivukoni, tukapiga picha, tukarudi mbio tusije tukaachwa. Ilikuwa robo saa.

Ili kuficha aibu yetu, tuliwaeleza watoto jambo jingine. Tuliwaambia kuwa Mto Ruvubu unaungana na Kagera karibu na Rusumo, Kagera unaingia Ziwa Victoria, ziwa linatoa Mto Naili, na Naili unapita Sudan na Misri mpaka Bahari ya Mediterania. Kwa hiyo maji yanayopita chini ya daraja letu la Rusumo yanaelekea bahari ileile aliyosafiri Paulo. Watoto walifurahi sana, nasi tukaenda nyumbani tukidhani somo limekwisha.

Siku ya tatu alikuja bibi wa mmoja wa watoto hao. Ni mjane, ana miaka zaidi ya sabini, na viti vya mbele kanisani havimkosi. Alikaa, akapokea maji, akanyamaza kidogo.

"Baba Mchungaji, mjukuu wangu anasema maji ya Rusumo yanakwenda mpaka bahari ya Paulo. Ni kweli?"

"Ni kweli, Bibi."

"Na wale waliobebwa nayo?"

Wenyeji wa Ngara hawahitaji kuelezwa aliuliza nini. Kwa vijana na kwa wasomaji wa mbali tuseme kwa kifupi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, na Benaco ikageuka kuwa kambi kubwa kuliko mji wowote tuliokuwa tukiujua. Wakati huohuo mto ulikuwa unapitisha miili ya waliouawa. Ilipita siku baada ya siku, ikaenda mpaka ziwani, na watu wengi wa kando ya ziwa waliacha kula samaki. Bibi huyu shamba lake lilikuwa upande unaotazama mto. Alituambia kwamba tangu mwaka ule hajawahi kusimama mbele ya maji mengi akayatazama. Akipita darajani hugeuza uso. Samaki hajamla tena.

Hatukuwa na jibu la swali lake. Tulisali naye. Alipoinuka kwenda alisema, "Kabla sijafa nataka nione maji makubwa ambayo sikuona kitu ndani yake."

Basi, safari ilianzia hapo. Akina mama wa usharika waliposikia, walifungua mfuko bila kusubiri kikao. Jumapili baada ya ibada, mnada wa sadaka ulipokwisha, walileta vyao vya pembeni: mkungu wa ndizi, debe la maharage, kuku aliyefungwa miguu. Wenzetu wa Biharamulo nao waliomba kujiunga. Kwa mwaka mmoja na nusu mfuko ulikua kidogo kidogo.

Kisha tukaunda kamati, na kamati ikaharibu.

Tunasema kamati, lakini aliyeshika kalamu ni sisi. Jioni tulikaa na ramani na simu, tukapanga safari ya siku kumi. Tungepita Kahama na Singida mpaka Dodoma kwa basi, na kutoka Dodoma tungepanda treni ya umeme ya SGR mpaka Dar es Salaam, kwa kuwa vijana walikuwa wakiiota tangu ianze mwaka 2024. Jumapili tungesali Azania Front, kanisa la Kilutheri ambalo Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1898, linalotazama bandari. Halafu Bagamoyo, magofu ya Kaole, boti ya Zanzibar, kanisa kuu la Kianglikana pale Mkunazini lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, mashamba ya viungo, kobe wa Kisiwa cha Changuu. Tuliongeza na Tanga, kwa mapango ya Amboni. Kila tulipoongeza mahali tuliona tumefanya kazi njema. Hoteli tulichagua zenye picha nzuri. Ada ikafika shilingi 480,000 kwa mtu.

Kwenye mkutano wa maandalizi, mzee mmoja wa Biharamulo alisimama wa kwanza. "Maji tunayo," alisema. "Ziwa liko hapo Chato, nauli yake haimshindi mtu. Na boma la Wajerumani liko Biharamulo mjini, nani kati yenu amewahi kwenda kulitazama?" Watu wakacheka. Akaendelea, sasa bila mzaha: "Paa la kanisa la mtaa wetu halijakwisha. Mungu atatuuliza habari ya bahari au habari ya paa?"

Swali hilo tulilijibu kwa ujuzi wa chuoni. Tulitaja Zaburi ya 104, jinsi mwimbaji anavyohesabu kazi za Mungu na kufika kwenye bahari na viumbe wake wasiohesabika. Tulitaja Bwana Yesu akiwaita wanafunzi wake waliochoka wajitenge wapumzike. Yote hayo ni kweli, na bado tunayaamini. Ila tulikuwa tunashinda hoja, hatukuwa tunasikiliza.

Halafu katibu akasoma majina ya waliokwisha kulipa. Walikuwa 14: walimu, mganga, wafanyabiashara wawili wa kahawa, mtendaji, na watu wa nyumba ya mchungaji. Katika akina mama waliouza maharage hakuwamo hata mmoja. Bibi naye hakuwamo. Yeye alikuwa amekaa nyuma, na hakulalamika. Aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Nimesikia siku zote kumi," alisema. "Siku ya kuitazama bahari ni ipi?"

Tulirudia kusoma ratiba kimoyomoyo. Bahari ilikuwa kila mahali ndani yake, tukiipita kwa boti, tukiiona dirishani, tukiwa nyuma yake na mbele yake. Siku ya kukaa tukaitazama haikuwapo. Tulikuwa tumepanga robo saa yetu ya zamani, tukairudia mara kumi kwa fedha nyingi.

Usiku ule hatukulala vizuri. Tulisoma Wakorintho wa Kwanza sura ya 11, pale Paulo anapowakemea watu waliokusanyika mezani pa Bwana, huyu akishiba na yule akikaa na njaa. Tumeihubiri sura hiyo kila mwaka, na hatukuwahi kuiona kwenye ratiba ya safari. Tulimkumbuka pia Martin Luther, ambaye katika miaka ya 1510 na 1511, akiwa mtawa kijana, alitembea kwa miguu kutoka Ujerumani mpaka Rumi. Kule aliharakisha kutembelea mahali patakatifu kadiri alivyoweza, na alipanda ngazi takatifu kwa magoti akihesabu sala. Baadaye alisimulia kwamba alipofika juu alijiuliza nani ajuaye kama hayo ni kweli. Sisi Walutheri tunapenda kisa hicho kwa kuwa kinamhusu mtu mwingine. Lakini mtu aweza kuacha kuhesabu sala akaanza kuhesabu vivutio, na moyo ukabaki uleule unaotaka kurudi nyumbani na orodha ndefu.

Safari haitupi stahili yoyote mbele za Mungu, awe mtu amekwenda Rumi au Zanzibar. Neema tulikwisha kuipokea hapahapa Ngara, tukiwa na matope miguuni. Na kwa kuwa hatuendi kuitafuta, tuko huru kwenda mahali pamoja, tukakaa, tukashangaa kazi ya Muumba. Na kama ni zawadi, haiwezi kuwa ya watu 14.

Jumapili iliyofuata, kabla ya matangazo, tulikiri mbele ya usharika kwamba tulikuwa tumepanga vibaya, na kwamba fedha za akina mama tulikuwa tumezitumia kama ngazi ya kupandia wengine. Tuliwarudishia waliolipa, na kuwaomba wakae tena nasi. Wawili walikasirika, mmoja hakurudi katika mpango, na hilo bado linatuuma. Wengine walirudi. Kuhusu paa, tulikubaliana kwamba mnada wa mwezi wa kwanza baada ya safari utakuwa wa paa peke yake, na mzee wa Biharamulo ndiye atakayeusimamia. Alikubali kwa sharti moja: basi lianze na boma lao.

Kwa hiyo mpango wa sasa ni huu. Tutaondoka mwezi wa saba, maharage yakiwa yameingia ndani na watoto wako likizo. Basi dogo la kukodi litatuchukua Ngara, lipite Biharamulo mjini tusali asubuhi karibu na boma na kuwachukua wenzetu, lirudi Lusahunga na Nyakanazi, kisha tushike barabara ya Kahama. Ni zaidi ya kilomita 1,200 mpaka pwani, tutalala njiani mara mbili katika nyumba za kanisa, na kila mtu abebe shuka lake. Treni tumeiacha, Zanzibar tumeiacha, Tanga na kobe tumewaacha. Jumapili tutasali Azania Front. Baada ya hapo ni Bagamoyo tu, siku tatu. Ada ni shilingi 180,000 kwa awamu, na mfuko wa akina mama unawalipia wazee wanne. Tuko 29.

Tumechagua Bagamoyo kwa sababu ya njia yenyewe. Misafara ya zamani kutoka bara iliishia pale, wapagazi na watumwa, wengine wakitokea mbali kuliko sisi. Mwezi wa pili mwaka 1874 Chuma na Susi na wenzao walifika pale wakiwa wamebeba mwili wa David Livingstone kwa miezi mingi tangu Chitambo, Zambia ya leo. Watu husimulia jina la mji kwa namna mbili. Kuna wanaosema mpagazi alibwaga moyo kwa furaha kwamba mzigo umefika. Wengine wanasema mtumwa aliuacha moyo wake pale, kwa kuwa mbele yake yalibaki maji tu. Tulipomweleza Bibi hayo alifikiri kwa muda.

"Hao wote wawili walifika wamechoka," alisema. "Mimi nikifika nataka kukaa chini tu."

Siku ya pili ya Bagamoyo imeandikwa katika ratiba kwa maneno yake: siku ya kuitazama bahari. Hakuna mwongozaji, hakuna kwaya, hakuna mahubiri. Asubuhi tutasoma Zaburi ufukweni, na jioni tutasali kwa ajili ya wale wa mwaka 1994, waliobebwa na mto kwenda mbali na makwao. Mungu anawajua kwa majina. Katikati ya hayo mawili kila mtu atakaa anavyotaka.

Tunaandika haya majuma matatu kabla ya kuondoka. Gari laweza kuharibika, mtu aweza kuugua, nasi twaweza kukuta mvua mahali tulipotarajia jua. Ndugu mnaosoma, mtuombee. Jana Bibi alipita kulipa shilingi 5,000 ingawa nafasi yake imekwisha kulipiwa, akisema hawezi kwenda kwa Muumba wake mikono mitupu. Tulimsindikiza mpaka njiani. Alipokuwa anaaga alitushika mkono akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga chakula cha jioni:

"Nikishaitazama vizuri, Baba Mchungaji, labda siku ya tatu mtaniagizia samaki. Kadogo tu. Nijaribu."