Pembetatu ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na kitabu kimoja tu cha hadithi: Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya Rider Haggard ya mwaka 1885. Jalada lilishang'oka zamani. Nikiwa darasa la tano alinisomea ile sehemu ya ramani iliyochorwa kwa damu kwenye kitambaa, kisha akakifunga. "Hata sisi tunayo ramani yetu, mjomba," akaniambia. "Iko kilimani."

Kwetu ni Iramba, si mbali na Sekenke. Wajerumani walichimba dhahabu pale kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na dhahabu hiyo ndiyo iliyotengenezewa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kule Tabora, mwaka 1916. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaiteka Tabora. Hadi hapo ni historia. Yanayofuata wazee wameyajaza wenyewe: eti Mjerumani kabla ya kukimbia alifukia shimo lake lenye dhahabu kuliko yote, akaacha alama ili wajukuu zake waje kulifungua.

Alama ya mjomba ilikuwa bikoni ya zege juu ya kilima, imechorwa pembetatu. Pembeni, kwenye mwamba, palichongwa mshale wenye mstari juu yake. Akaja "mtaalamu" kutoka mjini na kifaa cha kutafutia madini. Kifaa kikalia. Mjomba akauza ng'ombe wanne, na mmoja alikuwa wa mama yangu, wa kumlipia dada ada ya kidato cha kwanza.

Walichimba usiku, wiki mbili. Walipong'oa bikoni wakakuta chini yake zege jingine, lina msumari wa chuma katikati. Mjomba alilia kwa furaha. Kwake huo ndio ulikuwa mfuniko. Wakaupasua. Chini yake kulikuwa na udongo mwekundu, mgumu, ambao haujawahi kuguswa na jembe.

Mtaalamu aliondoka alfajiri. Dada alikaa nyumbani mwaka mzima.

Miaka mingi baadaye, nikifuatilia habari ya mgogoro wa ardhi, nilimsimulia mpima ardhi mstaafu kisa hicho. Hakucheka. Akachukua daftari langu akachora. Pembetatu ni kituo cha kupimia, kimewekwa kileleni ili kionekane kutoka vilima vingine. Mshale na mstari wake huonyesha kimo. Na zege la chini? Hilo wapimaji hulizika makusudi, ili la juu likiharibiwa, nukta isipotee.

"Ninyi mmetoa yote mawili," akasema.

Krismasi nilimpelekea mjomba karatasi ile. Aliitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo hapakuwa na kitu?"

"Kilikuwepo, mjomba. Ni lile zege mlilopasua."

"Na kifaa kililia kwa sababu ya msumari?"

"Nadhani."

Akaikunja karatasi mara nne, akaichomeka ndani ya kitabu chake. Nje dada alikuwa anapakua pilau, anawaita watoto.

"Usimwonyeshe dada yako," mjomba akasema kwa sauti ya chini.

Nilikuwa nimeshamwonyesha. Yeye ndiye aliyeniambia nimletee.