Nyumba ya Magurudumu Katika Milima ya Fizi

Ukitoka Uvira kwenda kusini, mkono wako wa kushoto ni Ziwa Tanganyika na mkono wa kulia ni milima. Njia hupita Makobola na Mboko, huvuka mito mingi ishukayo kwa nguvu kutoka juu, na baada ya kumchosha msafiri hufika Baraka, kando ya ghuba ya Burton. Ghuba hiyo yaitwa kwa jina la Mwingereza aliyepita majini humo kwa mtumbwi mwaka 1858 pamoja na mwenzake Speke, na ng'ambo yake huonekana rasi ndefu ya Ubwari. Kutoka Baraka njia huliacha ziwa, ikapanda milimani mpaka Fizi. Hii ndiyo nchi ya Wabembe, watu wa muhogo na wa nyavu.

Nilipita huko mwezi wa Novemba mwaka 2018, majira ya mvua. Uvira hupata umeme wa mto Ruzizi, ambao bwawa lake la kwanza lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na la pili likaanza kazi mwaka 1989. Lakini nyaya hizo hazikuwa zimefika Baraka wala Fizi. Mwanga wa usiku ulitoka katika betri zilizolishwa na paneli za jua, au katika mashine ndogo za petroli zenye makelele. Palikuwa na vibanda vya watu waliopata riziki yao kwa kuchaji simu za wengine. Hata wavuvi wa ndagala, ambao baba zao waliwavuta samaki kwa taa za karabai, sasa wengi walikwenda ziwani na betri na taa ndogo za kisasa. Mchana utaona betri hizo zimepangwa mchangani karibu na paneli, na mtoto ameketi hapo kuzilinda, kama vile angelinda mpunga ulioanikwa.

Mwenyeji wangu katika safari hiyo alikuwa fundi wa mitambo ya jua, na mimi nitamwita Fundi tu, maana kila mtu alimwita hivyo. Kazi yake ilimtaka azunguke vijijini majuma mazima, naye akaigeuza motokaa yake kuwa makao. Katika Ulaya na Marekani wako watu wengi wenye motokaa za namna hiyo, zenye kitanda na jiko, nao husafiri nazo kwa kujifurahisha. Ya Fundi haikuwa ya anasa. Nyuma palikuwa na kitanda cha mbao, sanduku la vyombo vya kazi, friji ndogo, taa mbili na redio. Juu ya paa zilifungwa paneli mbili za wati 100 kila moja. Zililala karibu sawasawa kabisa, kwa sababu nchi ile iko kama digrii nne tu kusini mwa Ikweta na jua la mchana husimama karibu na utosi. Ziliinamishwa kidogo tu ili mvua ioshe vumbi. Hakumruhusu abiria yeyote kuweka mzigo karibu nazo. "Kivuli cha kikapu kimoja kwenye pembe," alisema, "huweza kuiba nguvu ya paneli nzima."

Betri zilikuwa mbili, na hapa ndipo penye siri ya nyumba kama hii. Ya kwanza ilikuwa ya kuwashia injini tu. Mabamba yake ya risasi ni membamba, yamefanywa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiiwashia taa usiku kucha kila siku utaiua upesi. Ya pili, ya nyumba, ina mabamba manene yanayovumilia kutoa polepole kwa saa nyingi. Kati yao Fundi alitia swichi ya kuzitenga. Injini ikinguruma, dinamo hulisha zote mbili; injini ikizimwa, taa na friji haziwezi kugusa hata tone la ile ya kwanza.

Betri ya nyumba ilikuwa ya volti 12 na ampea-saa 100. Zidisha, msomaji mpendwa, utapata wati-saa 1,200. Lakini mwenye betri ya risasi asijidanganye kwamba zote ni zake. Akizoea kuitoa chini ya nusu, mabamba huharibika mapema. Basi Fundi alihesabu 600 tu, na hizo nyingine aliziona kama mbegu zisizoliwa.

Mkewe ndiye aliyeshika daftari. Taa mbili za wati 5, kwa saa nne, ni 40. Redio, 20. Simu nne, 50. Friji peke yake, 400 kwa siku, kwa kuwa hufanya kazi na kupumzika mchana na usiku. Jumla 510. Siku ya jua zuri paneli zilileta karibu 800, na mambo yakawa mepesi. Siku ya mawingu mazito zilileta 200, pengine pungufu. Pasi na birika la umeme havikupanda motokaa ile kabisa: kuchemsha lita moja ya maji tu hula karibu wati-saa 100, nguvu ya redio kwa siku tano, na makaa yalikuwako. Tena palikuwa na inveta, kile chombo cha kugeuza umeme wa betri uwe kama ule wa nyumbani. Kilizimwa kila mara kazi ilipokwisha. Chombo kama hicho kikiachwa wazi bila kuchaji chochote huweza kula wati 10 kwa kukaa tu. Kwa siku nzima ni 240. Nadhani nyumba nyingi zinazolalamikia betri mbovu zina mwizi huyu ndani, naye hapigi kelele.

Tulipoondoka Baraka, mke wa Fundi alinunua mikebuka wabichi kwa ajili ya mama yake aliyekaa Fizi, akawaweka katika friji. Samaki wa mkwe si jambo la mzaha. Safari ilikuwa ya siku moja tu. Lakini tukiwa katikati ya mlima mvua ilishuka, matope yakaimeza njia ya mbele, na malori mawili yakaziba mahali palipobaki. Tukarudi kidogo mpaka kijiji chenye kituo kidogo cha afya, tukalala hapo.

Siku ya kwanza ilinyesha mchana kutwa. Alfajiri ya siku ya pili, kabla mwanga haujagusa paneli na vyombo vyote vikiwa vimezimwa kwa kitambo, Fundi alipima betri. Huo ndio wakati wa kweli wa kupima, maana betri inayolishwa au inayofanya kazi husema uongo. Ikiwa imejaa huonyesha volti 12.7, ikifika nusu, kama 12.2. Asubuhi ile ilisema 12.4. Daftari lilionyesha akiba ya 290. Redio ikanyamaza, na vijana waliokuja na simu zao walirudishwa kwa adabu.

Jioni ya siku hiyo, baada ya mvua nyingine, mkunga wa kituo akaja chini ya mwavuli.

"Hodi, Baba Fundi."

"Karibu, Mama."

Alieleza kwa kifupi. Mwanamke mmoja alikuwa katika uchungu wa uzazi tangu adhuhuri, na ilikuwa mimba ya kwanza. Taa ya kituo ilikuwa imezimika kwa kukosa jua, na tochi yake ilikuwa na mwanga wa manjano. Je, angeweza kupata taa mpaka asubuhi?

Mawingu ya mchana yalikuwa yameleta 200, friji ikala kiasi hicho hicho. Akiba ilibaki palepale, 290. Taa mbili kwa saa kumi na mbili ni 120. Friji kwa usiku ule ni 200. Jumla 320. Mtu aweza kusema, thelathini zilizopungua ni kitu gani? Fundi alijibu kwamba kesho huenda ikanyesha tena, na uchungu wa mimba ya kwanza haufuati saa. Kijana mmoja akashauri taa zifungwe kwenye betri ya injini, iliyokuwa imejaa. Fundi alikataa, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiinua sauti: "Uzazi ukienda vibaya, huyu mama atabebwa na nini mpaka Baraka? Motokaa lazima iwake." Kwa sababu hiyo hiyo hakutaka kuiacha injini ikinguruma ili kulisha betri; dizeli iliyokuwamo aliihesabia njia ya kurudi hospitali.

Mkewe hakungoja kuulizwa. Alifungua friji, akawatoa samaki, akazima.

Motokaa ikasogezwa mpaka mlangoni pa kituo, hatua chache tu. Umeme wa volti 12 hauwezi safari ndefu. Ukiupitisha katika waya mwembamba na mrefu, sehemu kubwa hupotea njiani na taa hufifia. Fundi alitumia waya mnene, akatundika taa moja juu ya kitanda na nyingine penye meza ya mkunga. Nje, chini ya paa la jirani, mkewe na wanawake wawili walijenga moto wa kuni mbichi, wakaanza kukausha mikebuka katika moshi uliotuliza wote.

Mtoto alizaliwa kabla jogoo hajawika, wa kike, naye alilia mara moja. Mkunga alibaki na taa moja kwa kazi iliyosalia. Nyingine ilizimwa, maana daftari halikusahauliwa hata kwa furaha. Kulipopambazuka betri ilisema 12.3. Saa tatu jua likatoka.

Njia ilifunguliwa siku iliyofuata, tukafika Fizi mchana. Mkwe alipokea samaki kwa mikono miwili, akawanusa, akasema wamekaushwa na mtu mwenye haraka. Kisha akaingia ndani, akatoka na simu tatu, yake na za majirani, zote zimezimika, akamkabidhi Fundi.