Ukili na Daftari

Wasomaji wetu wengi wamelalia mkeka wa Rufiji, lakini si wengi walioona jinsi vidole vinavyojifunza kuufanya. Ukindu hukatwa ungali mchanga, ukaanikwa juani, ukachanwa chane nyembamba, na nyingine zikachemshwa pamoja na rangi. Kisha chane husukwa ukili, nao hupimwa kwa pima, hata ukitosha ukashonwa kuwa mkeka. Sisi waalimu huku Ngorongo twautazama ukili huu kwa wivu kidogo.

Binti anayeanza hapewi mkeka. Hupewa chane chache zisizo na rangi. Akilegeza, bibi yake huufumua ukili mpaka pale kosa lilipoingia, akamrudishia pasipo maneno mengi. Kesho yake ni vivyo hivyo. Hapana siku iliyotengwa kuwa ya kujifunza. Ukili hukunjwa, ukatiwa kikapuni, ukaenda na mwenyewe shambani. Na akina mama wakiwa juu ya dungu wakilinda mpunga, macho yatazama ndege na vidole vyasuka. Msimu ukiisha, vidole vya binti ni vyepesi kuliko alipoondoka nyumbani.

Hapa ndipo penye uchungu wetu. Binti yule yule, aliyeondoka shuleni akisoma sentensi nzima, hurudi akitafuta herufi moja moja. Wako wasemao kwamba hana akili. Twakataa kabisa! Mtoto awezaye kupanga chane za rangi pasipo kuharibu nakshi hawezi kuitwa hana akili. Ukili ulikwenda naye, kitabu kilibaki.

Mwaka 1978, katika Uingereza, wataalamu Baddeley na Longman walieleza habari za watumishi wa posta waliofundishwa kupiga mashine ya chapa. Waliojifunza saa moja tu kila siku walihitaji saa chache kwa jumla kuliko waliojifunza saa nne kwa siku. Tena, ajabu yake, hao wa saa moja ndio walioridhika kidogo, maana siku zao za kujifunza zilikuwa nyingi kuliko za wenzao.

Basi kila mtoto aendaye dunguni twampa daftari la kutiwa kikapu kimoja na ukili, aandike mistari mitano kila siku, wala asizidishe. Neno likimshinda, alipigie mstari, nasi tutalifumua pamoja atakaporudi. Mzazi, hata asiyejua kusoma, twamwomba jambo moja tu: kila jioni amwulize, "Mwanangu, leo umeandika?"

Si madaftari yote yaliyorudi. Mengine yalilowa mvua, na moja liliwashia moto. Lakini katika yale yaliyofika mikononi mwetu, yananuka moshi, tuliona herufi za kurasa za mwisho zimesimama wima kuliko za kwanza.