Kuvuka ziwa uzeeni, mjukuu akiwa bado darasani



Ukisimama asubuhi kwenye bandari yetu, milima ya Ubwari iko mbele yako, na nyuma yake kuna nchi mbili. Kuna Burundi, ambako mji wa Rumonge unatazamana nasi, na kusini zaidi kuna Tanzania, ambako boti za mbao zinafikia Kibirizi, jirani na mji wa Kigoma. Kwa watu wa Fizi ng'ambo hiyo si ugeni. Wengi wetu tulikimbilia huko kuanzia mwaka 1996, tukaishi kambi ya Nyarugusu, na mwaka 2005 meli zikaanza kuturudisha hapa hapa Baraka. Kwa hiyo bibi anayekwenda retreti akisema, "Mimi uzee wangu nitaumalizia Kigoma," hakuna anayeshangaa. Ana ndugu huko, na usiku atalala bila kusikia risasi.

Mimi humuuliza jambo moja tu: na huyo mtoto uliyemshika mkono?

Maana kwetu bibi hastaafu peke yake. Likizo kubwa iliyopita nilimsindikiza mama mmoja wa kikundi chetu, mwalimu mwenzangu aliyefundisha darasa la pili miaka mingi. Analea mjukuu wa miaka kumi. Mama wa mtoto alifariki, baba anachimba dhahabu Misisi. Bibi alitaka kuona mwenyewe kabla hajauza kiwanja chake, na mimi nilitaka kuona shule.

Kigoma inampokea Mbembe vizuri. Ukipanda kutoka Kibirizi kwenda Mwanga, kisha Ujiji, unasikia Kibembe barabarani, na Wamanyema wa Ujiji watakueleza babu zao walitoka upande gani wa ziwa. Mama wetu alipata mashemeji siku ya kwanza. Siku ya pili alikuwa sokoni anapima bei ya migebuka kama mwenyeji. Jioni alisema, "Hapa ni nyumbani." Lakini ofisi ya Uhamiaji haisomi ukoo, inasoma karatasi.

Bandarini kwetu watu husema kwamba tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, nchi zote zimekuwa moja. Si hivyo. Mkataba wa Soko la Pamoja, ulioanza kutumika Julai 2010, unampa haki ya kukaa mtu anayekwenda kufanya kazi au kufungua shughuli yake, pamoja na mume au mke na watoto wake. Mzee anayekwenda kupumzika tu hakutajwa humo. Muhuri wa kuingia unakupa siku za mgeni. Kukaa kunataka kibali.

Tanzania ina vibali vya ukaazi vya madaraja matatu. Daraja A ni la mwenye mtaji au shughuli yake, B ni la aliyeajiriwa, na C linawachukua wengine: wamisionari, watafiti, wanafunzi, na humo humo wastaafu. Kwa hiyo mlango wa bibi upo. Atahitaji pasipoti na uthibitisho kwamba anaweza kujitunza. Mtoto anayemtegemea mwenye kibali huombewa pasi ya mtegemezi, na akisoma kuna pasi ya mwanafunzi.

Hapo ndipo safari yetu ilipokwama. Akti ya kuzaliwa ya mtoto ina jina la baba na la mama. Jina la bibi halimo. Tena mnajua majina yetu: mtoto ana jina lake, ana la nyongeza, ana la ubatizo, na mara nyingi hakuna hata moja linalofanana na la baba, sembuse la bibi. Fomu ya ng'ambo inauliza jina la ukoo. Bibi akajaza moja, kwenye buletini ya shule kuna jingine, na kwenye kadi ya chanjo kuna la tatu. Afisa hakuwa mkali. Alisema tu hawezi kuona huyu ni nani kwa huyu.

Kwa hiyo, wamama, anzeni na karatasi za mtoto, zenu zifuate. Akti ya kuzaliwa kwanza. Sheria yetu inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto bure, na zikipita inabidi kupata hukumu ya tribinali. Kazi hiyo ifanyike hapa nyumbani, maana ukiwa Kigoma utairudia safari kwa ajili ya muhuri mmoja. Halafu akti ya kuzaliwa ya mzazi wa mtoto, ambayo ndiyo inayomunganisha bibi na mjukuu. Halafu barua ya ruhusa ya mzazi aliye hai, yenye sahihi iliyothibitishwa, kwa sababu hata DGM upande wetu inaweza kuidai kabla mtoto hajapanda boti. Kama wazazi wote wamefariki, ukoo uketi na ulezi uandikwe rasmi. Jina liwe lile lile, herufi kwa herufi, kwenye akti, pasipoti na buletini.

Sasa shule, na hapa naongea kama mwalimu. Mtoto wetu alianza kwa Kiswahili, kisha akahamia Kifaransa. Shule za msingi za serikali Tanzania zinafundisha kwa Kiswahili, kwa hiyo ataelewa somo siku ya kwanza, na ada hakuna. Lakini sekondari ni Kiingereza kitupu. Mtoto wa darasa la pili ana muda wa kujenga lugha hiyo. Wa darasa la sita ataingia sekondari akiwa bubu. Kalenda nayo haifanani: sisi tunaanza Septemba, wao Januari. Anayemaliza kwetu mwanzoni mwa Julai ama atakaa nyumbani miezi sita, ama ataingia katikati ya mwaka wao. Mimi ningemwacha mtoto wa darasa la sita afanye kwanza ENAFEP, apate cheti chake, kisha avuke.

Burundi kuna Kifaransa, ndiyo, lakini miaka ya kwanza ya shule ya msingi inafundishwa kwa Kirundi, na mtoto wa Kibembe atakaa nyuma. Karatasi ya CEPGL ambayo wachuuzi wetu wanaizoea ni ya kusafiria, haimpi mtu makazi ya uzee.

Kenya ina kibali cha daraja K kwa mtu wa zaidi ya miaka 35 asiyetaka ajira, lakini anatakiwa kuonyesha mapato ya dola 24,000 kwa mwaka. Mwalimu wa Fizi akisikia hesabu hiyo anacheka na kuagiza chai.

Na ukimbizi? Wengine wananiambia, "Si turudi tu Nyarugusu, kule watoto wanafuata programu ya Kongo." Ni kweli wanaifuata, hadi Examen d'État. Lakini Tanzania mkimbizi anatakiwa kukaa kambini, na kutoka ni kwa ruhusa. Aliyefukuzwa na vita hana la kuchagua, na simlaumu. Anayetaka nyumba yake Ujiji asiingie kwa mlango huo, maana kuutoka ni vigumu.

Neno moja kwa ndugu zetu waliochukuliwa Marekani kutoka Nyarugusu, ambao sasa wanataka kuzeekea Baraka na mtoto aliyezaliwa kule. Katiba yetu, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu, hauchangwi na mwingine. Aliyechukua uraia wa Marekani anaingia kwao kwa viza, na mtoto mwenye pasipoti ya Marekani vilevile. Sheria ya uraia ya mwaka 2004 ina njia ya kuurudisha kwa mzaliwa wa hapa. Waulize ubalozini Washington kabla ya kufunga mizigo, na watafute mapema shule itakayomsaidia mtoto asiyejua Kifaransa.

Mama wetu hakuuza kiwanja. Kikundi kimekubali zamu yake ya likilimba ije mbele, ilipie pasipoti ya mtoto, na baba ameitwa kutoka Misisi aje kutia sahihi. Wanapanga kuvuka Desemba, ili mtoto aanze Januari na wenzake, darasa moja chini ya alilokuwa. Nimemtafutia kitabu cha Kiingereza, tunasoma kurasa mbili kila Jumamosi.

Na mnaopanga kwenda kuangalia kama sisi: miezi ya likizo kubwa ndiyo miezi ya upepo wa kusini, ziwa linachafuka. Karatasi zifungwe kwenye nailoni mbili, na mtoto asipande boti isiyo na jileti ya saizi yake.